Sanduku Moja la Watu Wengi

Vijana wa siku hizi wanapotusikia tukisema kwamba zamani barua moja ya intaneti ilingojewa na mtaa mzima, wanacheka. Kwao intaneti ni kitu cha mtu mmoja: simu yake, namba yake, neno lake la siri. Usiku anailaza chini ya mto, na mtu mwingine asiiguse. Hatuwagombezi, maana wameikuta hivyo. Lakini tumeona ni vema kuwaeleza namna intaneti ilivyoingia katika nchi yetu ya Kongo, na zaidi hapa kwetu Bukavu, kwa sababu ndani ya habari hiyo mna fundisho tunalokaribia kulisahau.

Fundisho lenyewe ni hili. Hesabu za mwanzo zilionyesha kwamba watu wa Kongo wenye intaneti walikuwa wachache mno, na hesabu zile hazikusema uongo. Lakini zilihesabu waliogusa mashine, hazikuhesabu waliofikiwa. Mmoja aliketi mbele ya mashine, na nyuma yake walisimama hamsini. Kwetu intaneti ilianza kukua hivyo: kwa mikono ya watu waliokubali kutumwa.

Zamani za posta na foni

Wazee wetu wanakumbuka posta. Mtu aliandika barua, akabandika tembre, akaitia sandukuni, akajua kwamba itafika. Baadaye posta ikaanza kufa polepole. Makarani hawakulipwa, magari yakaharibika, barua zikakaa miezi katika magunia, na mwisho masanduku yenyewe yakaota kutu. Simu za waya nazo zikafuata njia hiyohiyo. Karibu na mwaka 2000, nchi yetu yenye watu zaidi ya milioni 45 ilibaki na waya za simu kama 10,000 tu. Gawanyeni wenyewe: watu zaidi ya elfu nne kwa waya mmoja.

Ni kweli kwamba wakubwa wa Kinshasa walipata simu isiyo na waya mapema. Kampuni ya Telecel, iliyoanzishwa na Miko Rwayitare katika miaka ya 1980, ilikuwa mojawapo ya kampuni za kwanza za namna hiyo katika Afrika. Lakini simu moja ilinunuliwa kwa maelfu ya dola. Ilikuwa simu ya mawaziri na matajiri. Mwalimu aliiona kwa mbali, mkononi mwa mtu aliyeshuka garini.

Sisi wengine tulikuwa na foni. Foni ilikuwa radio ya kusemea na kusikilizia. Ilikaa katika chumba kimoja cha misioni, au kwa wafanyabiashara, ikipata nguvu kwa batri ya gari. Aliyetaka kusema na ndugu yake wa Shabunda au wa Kindu alipanga mstari tangu asubuhi, akangoja zamu yake. Mwenye foni aliita: «Kindu, Kindu, unanipata?» Sauti ilikuja na kelele kama mvua juu ya mabati. Mmoja akisema, mwenziwe hawezi kusema. Sharti amalize kwanza, aseme «kwako», ndipo wa pili ajibu. Tena foni haikuwa na siri. Kila aliyefungua radio kwa saa ileile alisikia yote: mahari iliyobaki, deni la mbuzi, ugonjwa wa bibi. Tuliwahi kumsikia mzee akimkaripia mkwewe mbele ya masikio ya miji minne.

Hata hivyo foni ilitufunza jambo moja. Mtu aliyeingia chumbani mle kwa ajili ya habari zake alitoka na habari za wenzake watatu. Alipita kwenye milango akitoa salamu zisizo zake. Hakuna aliyemlipa, wala hakuona ajabu. Desturi hiyo ndiyo iliyokuja kuibeba intaneti mgongoni.

Vita vilipokata njia

Tarehe 2 mwezi wa nane 1998 vita vilianza, na Bukavu na Goma zikaangukia upande wa waasi wa RCD. Nchi ikakatwa vipande. Kutoka Bukavu mpaka Kinshasa ni kama kilomita 1,500 angani, na kabla ya hapo ndege zilikwenda. Sasa hapakuwa na ndege ya kwenda moja kwa moja, wala meli mtoni, wala posta. Foni nyingi zilinyang'anywa, maana wenye bunduki waliogopa zisipeleke habari za askari. Aliyetaka kuandika kwa ndugu yake wa Kinshasa alitafuta msafiri wa Nairobi, na huyo atafute msafiri mwingine. Barua ilipotea njiani, au ilifika karatasi yake imekuwa laini kama kitambaa.

Walioumia sana ni wazazi wenye watoto chuoni. Watoto walikwenda Kinshasa kusoma uganga na sheria, na mlango ukafungwa nyuma yao. Katika mtaa wetu wa Kadutu alikuwapo mama mmoja, muuza sambaza sokoni, ambaye kwa muda wa karibu miaka miwili hakusikia neno lolote la mwanawe wa kwanza. Hakujua kama yu hai. Majirani walipomwuliza, alisema tu: «Yuko masomoni.» Hatukuthubutu kuuliza zaidi.

Sahani juu ya paa

Basi, katika miaka hiyohiyo ya vita, tukaona juu ya mapaa machache ya mji sahani kubwa nyeupe, zimeelekezwa mbinguni. Za kwanza zilikuwa za mashirika ya msaada na za wafanyabiashara wakubwa. Halafu moja ikawekwa juu ya nyumba iliyo karibu na barabara kuu, na ubao ukatundikwa mlangoni. Watu wakaiita nyumba hiyo sibere. Ndani palikuwa na kompyuta tano, ambazo kwetu watu huziita ordinatere, na nyuma ya nyumba moteri ya kuleta kuranti wakati umeme wa mji umekatika. Moteri ilinguruma, mazuti yakanuka, na vijana wakapanga mstari.

Inafaa tueleze kazi ya sahani ile, maana wengi waliitazama bila kuelewa. Chini ya bahari zilikuwako kamba nene za kupitisha habari za dunia, lakini hakuna hata moja iliyotua Kongo. Kamba iitwayo SAT-3, iliyoanza kazi mwaka 2002, ilipita baharini mbele yetu, ikatua Gabon kwa upande mmoja na Angola kwa upande wa pili, ikatuacha katikati. Kwa hiyo habari zetu zilipaswa kupanda juu. Sahani ilizirusha mpaka kwenye satelaiti, yaani chombo kilicho juu ya ikweta, kilomita 36,000 hivi kutoka ardhini. Satelaiti ilizishusha Ulaya au Marekani, kwa sababu masanduku ya barua yalikuwa ndani ya kompyuta za huko: ya Hotmail, yaliyoanza 1996, na ya Yahoo, yaliyoanza 1997. Mtu wa Kinshasa alipotaka kuifungua barua ile, ilipanda tena na kushuka tena.

Fanyeni hesabu. Kupanda mara mbili na kushuka mara mbili ni zaidi ya kilomita 140,000. Hiyo ilikuwa safari ya barua ya mama na mwana walioachana kilomita 1,500 tu, na wote wawili ni raia wa nchi moja!

Njia ndefu kama hiyo haikosi bei. Mwenye sibere alikodi nafasi kwenye satelaiti kwa fedha nyingi kila mwezi, na nafasi yenyewe ilikuwa nyembamba, kama bomba moja dogo linalonywesha nyumba tano. Saa moja ya kuketi mbele ya kompyuta ilimeza chakula cha nyumba cha siku nzima. Ukurasa mmoja ulifunguka mstari kwa mstari, na dakika za kungoja zililipiwa sawa na dakika za kusoma. Ikiwa moteri imezimika katikati, mnaanza upya.

Kaye ya walimu

Sisi tulikuwa walimu wanne wa shule ya msingi. Mshahara wa serikali haukufika. Tuliishi kwa kile kidogo wazazi walichotoa. Hakuna kati yetu aliyeweza kuilipa sibere peke yake. Tukafanya kama watu wa likelemba: kila mmoja alitoa sehemu yake, tukanunua saa moja kwa juma. Kijana wa sibere alitufungulia sanduku moja la barua, akatuandikia adrese yake juu ya kipande cha karatasi. Tulikusudia kuwaandikia ndugu zetu wenyewe tu.

Kumbe, mtaa una macho. Juma la pili tulisikia hodi mlangoni: «Walimu, tunaambiwa mnapeleka barua Kinshasa.» Juma la tatu hodi zilikuwa kumi.

Tukanunua kaye, ile nene ya kurasa mia mbili. Tangu Jumatatu mpaka Ijumaa, baada ya masomo, watu walikuja kutuambia maneno yao. Sisi tuliyaandika kwa kalamu, tukayasoma tena mbele ya mwenyewe mpaka aseme «ndiyo, ni hivyo». Maneno yalipaswa kufupishwa, maana kila dakika ilikuwa fedha. Mzee mmoja alianza kwa kusalimia ukoo wote, mpaka wajukuu wa ndugu zake. Tukamwomba achague. Alifikiri sana, kisha akasema: «Basi, mwambieni tu kwamba paa limetengenezwa.» Tukaelewa kwamba chini ya paa lile palikuwa na watu wote aliotaka kuwataja: wako wazima, hawanyeshewi.

Jumamosi wawili kati yetu walishuka mjini na kaye. Mmoja alisoma, mwingine alipiga herufi. Barua ishirini au thelathini ziliingia katika saa ile moja, kila moja na jina la mwenyewe juu yake. Upande wa Kinshasa walikuwako wanafunzi wa kwetu waliofanya vilevile: sanduku moja, kikundi kizima. Majibu yalipokuja tuliyanakili kwa kalamu, kwa sababu kuyatoa kwenye karatasi kwa mashine kulilipiwa kwa kila ukurasa. Jumapili mchana tuliyagawa.

Mama yule muuza sambaza alikuja wa mwisho, kwa haya. Hakuwa na adrese ya mwanawe. Alikuwa na jina la kijana na jina la chuo, basi. Tukawaandikia wanafunzi wa Kinshasa wamtafute. Majuma matatu yalipita bila neno. Juma la nne likaja jibu la mistari minne: kijana yu mzima, ameacha masomo kwa kukosa fedha, anafundisha hesabu watoto wa watu kule Masina ili apate kula, anauliza kama mdogo wake bado anakohoa.

Mama alitusikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza: «Ameandika yeye mwenyewe?» Tukamweleza kwamba hatuwezi kuuona mwandiko wake, maana mashine huandika namna moja kwa watu wote. Akanyamaza kidogo, akasema: «Mwulizeni mbwa wetu wa zamani aliitwaje.»

Tukauliza. Jumamosi iliyofuata jina la mbwa likarudi. Ndipo mama akaketi chini, akalia. Leo vijana wanajivunia maneno yao ya siri yenye herufi na namba. Neno la siri la kwanza tulilolishuhudia sisi lilikuwa jina la mbwa, na hakuna mwizi ambaye angelijua.

Sharti tatu

Kazi hii ilikuwa na uzito. Anayeandika barua za wengine anajua nani ana deni, nani ameachwa na mumewe, nani ana ugonjwa anaouficha. Tuliona kwamba tusipojifunga wenyewe tutageuka kuwa foni ya pili, iliyosikiwa na miji minne. Basi tukajiwekea sharti tatu, tukaziandika ukurasa wa kwanza wa kaye.

Sharti la kwanza: barua husomwa kwa mwenyewe peke yake. Mke hasikii barua ya mume, wala jirani ya jirani, ila mwenyewe akimwita. Na aliyeisoma, akitoka mlangoni, ameisahau.

Sharti la pili: hatupeleki habari za askari, za bunduki wala za wakubwa. Hatukufanya hivyo kwa kukosa la kusema. Katika kaye mlikuwa na majina ya watu wengi, na neno moja la mtu mmoja lingeweza kuwafunga wote.

Sharti la tatu: habari ya kifo haisomwi njiani, wala haisomwi na mtu mmoja. Huenda watu wawili, na kwanza huitwa shangazi au mzee wa nyumba. Mara ya kwanza ilipotupata habari ya namna hiyo, ilikuwa mistari miwili tu, iliyo sawa na mistari mingine yote juu ya kioo cha kompyuta. Mashine haikubadili sauti. Kuipeleka habari ile kama inavyostahili kulikuwa kazi ya watu.

Kaye yetu ilipokwisha ilikuwa na majina ya nyumba zaidi ya sitini. Kwa hesabu za dunia sisi sote tulikuwa sanduku moja, labda mtu mmoja. Hata mwaka 2010, kwa hesabu za ITU, shirika la Umoja wa Mataifa linaloangalia mawasiliano, waliotumia intaneti katika Kongo hawakufika mmoja katika mia. Tunaziamini hesabu hizo. Lakini tunajua pia kwamba hakuna aliyekuja Kadutu kuuliza ni watu wangapi waliolala usingizi kwa sababu ya sanduku lile moja.

Njia inapanuka

Amani ilitiwa saini mwishoni mwa 2002, na 2003 serikali ya umoja ikaanza. Njia nazo zikaanza kufunguka. Kampuni za simu za mkononi zilikuwa zimekwisha kuingia: Celtel tangu mwisho wa mwaka 2000, Vodacom tangu 2002. Mwezi wa kumi 2002 sheria mpya ya mawasiliano ilitolewa, pamoja na ile iliyounda ofisi ya kuwasimamia wenye kampuni, iitwayo ARPTC. Mwaka huohuo kampuni za intaneti za Kinshasa zilijenga kituo cha kubadilishana, KINIX, ili barua ya mtaa mmoja kwenda mtaa wa pili wa mji uleule isilazimike tena kupitia Ulaya. Ni jambo dogo kulitaja, lakini ni hekima: jirani asizunguke dunia kumfikia jirani.

Halafu kamba za bahari. Sisi wa mashariki tulizipata kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2009 kamba za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na 2010 ile ya EASSy ikafuata katika pwani hiyohiyo ya mashariki. Kutoka pwani zilipanda mpaka Kigali, na kutoka Kigali mpaka mpakani kwetu. Upande wa magharibi, Kongo ina pwani fupi, kilomita arobaini hivi tu. Hapo, Muanda, kamba ya WACS ilifunguliwa mwezi wa saba 2013. Kamba hiyo ina urefu wa kilomita 14,500 hivi, toka Afrika ya Kusini mpaka Uingereza.

Katika miaka hiyohiyo, kuanzia 2012 hivi, simu za mkononi zikaanza kuchukua intaneti yenye mbio zaidi. Bei ikashuka. Sibere zikafungwa mlango mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa kila kijana alikuwa na sibere yake mfukoni. Watu wakajifunza maneno mapya: inite, mega, foroo. Tulifurahi, na bado tunafurahi. Hatuwaamini wale wanaosema kwamba zamani kulikuwa kuzuri zaidi. Zamani mama alikaa miaka miwili bila kujua kama mwanawe yu hai.

Lakini tulijifunza pia kwamba njia ina mlango, na mlango una mwenye ufunguo. Mwezi wa kwanza 2015, watu walipoandamana kwa sababu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa. Ikakatwa tena tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, baada ya kura, ikarudishwa tarehe 19 mwezi wa kwanza 2019. Karibu siku ishirini! Siku hizo tuliona jambo la zamani likifufuka. Wakaao karibu na mpaka walikuwa na karte za simu za Rwanda, zilizoshika mtandao wa ng'ambo ya Ruzizi. Watu wakawaendea na vipande vya karatasi: «Kaka, niandikie kwa dada yangu wa Brussels kwamba tu wazima.» Nao waliandika, bila kulipwa. Kaye ilirudi, ingawa siku hiyo ilikuwa vipande vya karatasi tu.

Walioachwa nje

Sasa tunakuja kwenye jambo linalotusumbua.

Hata leo zaidi ya nusu ya watu wa Kongo wako nje ya intaneti. Si kwa kutojua kwamba ipo. Wako mahali ambapo antene haifiki, au antene ipo na mazuti yake yamekwisha. Wengine hawana fedha za mega, au hawajui kusoma. Wengi wao ni wanawake wa vijijini na wazee. Zamani watu kama hao walikuwa na mtu wa kumtuma. Siku hizi kila mwenye simu anajisemea: «Nao wanunue simu.» Hivyo tumepata mashine nyingi, na waliobeba wengine wamepungua.

Tumeuona ubaya wake mwaka 2025. Mwezi wa kwanza Goma, na mwezi wa pili Bukavu, zilitekwa na M23, na uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa. Safari hii mji haukukaa gizani kama 1998. Kwa saa chache tu, mwenye simu alijua nani yuko wapi. Lakini waliokimbia vijijini kwa miguu, wenye simu zisizo na moto au wasio na simu kabisa, walipotea kwa ndugu zao kama mwana wa yule mama. Aliyepatikana upesi ni yule aliyekutana na mtu mwenye simu aliyemwuliza bila kuombwa: «Mama, una mtu wa kumjulisha?» Swali hilo moja lilifanya kazi ambayo kamba ya kilomita 14,500 haikuweza kuifanya peke yake.

Tena yapo mambo ya siku za kawaida. Matokeo ya mtihani wa serikali hutolewa siku hizi kwa simu, na mtoto wa kijijini hungoja siku kadhaa kujua kama amefaulu, huku mtu wa nyumba ya tatu ana mega za kutazama mpira. Mjane hajui kwamba jina lake liko katika orodha ya msaada, kwa sababu orodha ilipita katika simu za watu ambao hawakuona kwamba inawahusu. Hao si watu wabaya. Wamesahau tu kwamba habari ya mwingine ikipita mkononi mwako, umekwisha kutumwa.

Na sharti la tatu la kaye yetu, nani analishika? Leo picha ya aliyekufa ajalini au katika vita humfikia mamaye kabla shangazi hajavaa viatu. Mtu aliyemjua marehemu huitupa katika kikundi cha watu mia mbili, akijiona ametoa taarifa. Mikono ya watu ilikuwa ya polepole, lakini ilijua kubisha hodi.

Ndugu wasomaji, hatuombi mambo makubwa. Mwenye simu nzuri katika kila mtaa, katika kila kijiji, aweke saa moja kwa juma ya kusoma na kuandika kwa ajili ya wengine. Walimu mnaweza kuifanya shuleni, baada ya masomo. Vijana, mnaweza kuifanya chini ya mti au mbele ya duka. Uwekwe muda unaojulikana, benchi, na kaye kwa wale ambao ndugu zao wako mbali. Aliye na fedha atoe kidogo kwa mega. Asiye nazo asirudishwe. Na zile sharti tatu zishikwe: siri ya mtu ni yake, neno lako lisimfunge mwingine, na kifo hupelekwa na watu wawili.

Wenye kamba na satelaiti wataendelea na kazi yao, na bei, tunatumaini, itaendelea kushuka. Lakini hatua za mwisho, kutoka simu yako mpaka mlango wa jirani asiye na simu, hakuna kampuni itakayozijengea njia. Hatua hizo ni za miguu yenu. Jumamosi ijayo, kabla ya kufungua simu kwa ajili yako mwenyewe, piga hodi mlango wa pili uulize: «Una barua?»